Namna ya kuwasaidia wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili kupendekezeana vitabu

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiulizwa na mwalimu aeleze kitabu alichokisoma, hujibu kama anayejibu maswali ya ufahamu: kitabu kinahusu nini, kinatufundisha nini, na methali gani inakifaa. Kaka na dada zake wa kidato cha tatu na cha nne huongeza dhamira, ujumbe, muundo na mtindo. Mwanafunzi huyohuyo akiulizwa na rafiki yake chini ya mwembe wakati wa mapumziko, husema jambo jingine kabisa. Husema kwamba alifika mahali akaogopa kufunua ukurasa unaofuata, au kwamba kuna mama mmoja katika hadithi ile anayefanana mno na shangazi yake, au kwamba alikesha akisoma mpaka akakaripiwa. Majibu ya kwanza yana nafasi yake katika mtihani, lakini sijawahi kuona yakimfanya mtu aende kabatini kutafuta kitabu. Majibu ya pili nimeyaona yakifanya hivyo kila muhula, katika miaka ambayo nimesimamia klabu ya usomaji kwenye shule ya sekondari ya kutwa.

Kazi ya mwalimu, basi, ni kuyatoa mazungumzo ya chini ya mwembe na kuyaingiza darasani bila kuyaua. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mara tu mwanafunzi anaposimama mbele ya wenzake hujisahau, akarudia sauti ya mtihani. Haya ninayoyaeleza yanawahusu walimu na viongozi wa klabu wanaoshughulika na watoto wa umri wa miaka 12 hadi 15 katika shule za Tanzania, ambako vitabu ni vichache, simu haziruhusiwi shuleni, na mapendekezo yote hupita kwa mdomo au kwa karatasi.

Kabati lifunguliwe kwanza

Hakuna pendekezo lenye maana ikiwa kitabu kinachopendekezwa kimefungiwa ndani ya ofisi na ufunguo uko kwa mwalimu ambaye leo hana zamu. Katika shule nyingi vitabu vya hadithi vimechanganywa na vitabu vya kiada na vya ziada, vikiwa vimepangwa kwa ukubwa wa jalada au havikupangwa kabisa. Anza kwa kuwaita wanafunzi wanane au kumi mchana mmoja baada ya vipindi, mtoe kila kitu, mfute vumbi, kisha mtenge hadithi na vitabu vya masomo. Usiifanye kazi hiyo peke yako kwa kuharakisha mambo. Mwanafunzi anayeshika vitabu hamsini kwa mikono yake, akavigeuza na kusoma maneno ya nyuma ya jalada, huondoka akiwa na viwili au vitatu alivyovitamani, na hao ndio wapendekezaji wenu wa kwanza.

Kila kitabu kipewe namba, iandikwe kwa maka peni kwenye ukurasa wa kwanza na kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa mgongoni. Vilivyochanika vishonwe kwa uzi na kuvalishwa kava la kaki. Kitabu kilichopoteza kurasa katikati kisiwekwe rafuni bila taarifa: andika kwa uwazi ndani ya jalada kurasa zinazokosekana, maana hakuna kinachomkatisha tamaa msomaji mpya kama kufika ukurasa wa 48 akakuta unaofuata ni wa 65.

Idadi isikuogopeshe. Hadithi thelathini au arobaini zinatosha kuanzia darasa moja. Zikipungua, itumieni maktaba ya mkoa. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba katika miji mingi ya mikoa, zenye sehemu za watoto ambazo shule nyingi za jirani hazijawahi kuzitembelea. Upo pia Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ambao umesaidia kuchapisha hadithi nyingi za Kiswahili kwa ajili ya watoto. Baadhi ya vitabu hivyo bado viko katika shule za msingi, na mwalimu mkuu wa shule jirani anaweza kukubali kubadilishana nanyi vichache kwa muhula mmoja.

Suala la lugha liamuliwe mapema. Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili, kisha anapoingia kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Kwa miezi mingi ya mwanzo hasomi hadithi ya Kiingereza kwa raha, bali huipasua neno kwa neno. Shule nyingine zina kanuni ya kuzungumza Kiingereza pekee katika eneo la shule, na kanuni hiyo ikiingia katika klabu, wale wenye mengi ya kusema watanyamaza, kisha mwalimu atadhani hawakusoma. Mwombe mkuu wa shule aiondoe klabu katika kanuni hiyo. Kitabu cha Kiingereza kinaweza kupendekezwa kwa Kiswahili, na cha Kiswahili kwa Kiingereza ikiwa mwanafunzi anataka kujaribu. Nimeona mara kadhaa kwamba mtoto huthubutu kufungua hadithi ya Kiingereza baada ya mwenzake kumsimulia kwa Kiswahili hadithi hiyo inavyoanza, kwa kuwa sasa anajua anaingia nyumba ya nani.

Msikilizaji kabla ya kitabu

Bibi zetu walipotaka kutamba hadithi hawakuanza tu. Waliita, “Paukwa!” wakangoja, na hadithi haikuendelea mpaka watoto waitike, “Pakawa!” Mtambaji alitaka kwanza kujua kwamba yupo anayemsikiliza, na kwa namna wanavyoitikia alijua kama ni usiku wa hadithi ya kutisha au ya sungura. Mwanafunzi anayependekeza kitabu anapaswa kuanzia hapohapo. Kosa kubwa la wanaoanza ni kupendekeza kitabu wanachokipenda wao kwa kila mtu, kwa maneno yaleyale, kisha kushangaa kwamba hakuna aliyekichukua.

Kwa hiyo, wiki mbili za kwanza asisimame mtu mbele ya darasa. Wanafunzi wakae wawiliwawili, na mmoja amhoji mwenzake kwa muda usiopungua dakika kumi. Atafute mambo matatu. La kwanza ni hadithi ya mwisho iliyomshika mwenzake, hata kama haikutoka kitabuni: inaweza kuwa filamu, mchezo wa redio, kisa alichosimuliwa na babu, au habari ya mechi iliyochezwa mwaka jana. La pili ni kitabu kilichomshinda, na mahali hasa aliposhindwa, iwe ni mwanzoni kwa sababu ya majina mengi au katikati kwa sababu mambo yalikwama. La tatu ni wakati alionao wa kusoma. Msichana anayechota maji, akapika na kulea wadogo zake kila jioni anahitaji kitabu chenye sura fupi, ambacho akikiacha kwa siku mbili anaweza kukirudia bila kupotea. Swali hili la tatu watu wazima hulisahau, lakini watoto wenyewe wakishalizoea huliuliza kwa umakini mkubwa, kwa sababu wanayajua maisha ya wenzao.

Mahojiano haya huondoa pia dhana za haraka. Niliwahi kuwa na mvulana ambaye hakuna aliyemwona bila mpira, na kila mtu alimpendekezea hadithi zenye mpira ndani yake, naye alizirudisha bila kuzisoma. Aliyemhoji aligundua kwamba alichokipenda katika mechi ni kubashiri kocha atafanya nini dakika za mwisho. Akampa hadithi ya upelelezi, ile ya mwaka 1960 ya Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ambamo Bwana Msa na kiko chake hukusanya vidokezo vidogovidogo mpaka kisa kinafumbuka. Mvulana yule alikimaliza, kisha akaanza kuwabishia wenzake juu ya nani alipaswa kushukiwa mapema.

Dakika mbili za kusema

Baada ya wiki hizo mbili, wanafunzi wanaweza kuanza kupendekeza kwa darasa zima. Weka muda wa dakika mbili kwa kila mmoja na uusimamie. Katika kipindi cha dakika 40 wasizidi wanne, ingawa hesabu inaonyesha kwamba wangeweza kuwa wengi zaidi, kwa sababu masikio hujaa. Anayesikia vitabu kumi kwa mfululizo hutoka bila hata kimoja kichwani. Dakika zinazobaki ni za maswali, na za kwenda kabatini wakati hamu bado ina moto.

Dakika mbili hizo ziwe na nini? Nitatumia mfano wa kitabu kinachojulikana na wengi, *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1951. Mwanafunzi aliyezoea mtihani atasema kwamba kitabu hiki kinahusu uongozi mbaya, kwamba dhamira yake kuu ni kupigania haki, na kwamba kinatufundisha kuwa wavumilivu. Kila alichosema ni sahihi, ila hakuna hata mwenzake mmoja atakayenyanyuka. Sasa mwache aseme hivi: “Kuna nchi inayoelea angani. Katika nchi hiyo mtu mmoja anaitwa Karama, ameshitakiwa kwa sababu alitaka watu wajifunze sheria. Badala ya kulia au kuomba msamaha, anaanza kusimulia. Anawasimulia watu wa baraza habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mambo mema ya kuifaa nchi, kisha wakatupwa gerezani. Mimi nilisoma nikitaka kujua kama wanaomsikiliza wataona aibu. Kiswahili chake ni cha zamani, kuna maneno niliyoyaruka, lakini kitabu ni chembamba. Kama wewe ni mtu wa kubishana na wakubwa ukiona hukutendewa haki, kichukue. Kama unataka mambo ya kukimbizana na kupigana, kiache kwanza.”

Angalia alichokifanya. Ametoa mahali na mtu, ametoa swali lililomvuta yeye mwenyewe, amekiri ugumu wa kitabu, amesema kinamfaa nani, na amesema kisimfae nani. Hakueleza mwisho. Jambo la kisimfae nani ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu ndilo linalomfanya aaminike. Mtu anayesifu kila kitu huonekana kama mchuuzi, na watoto wa umri huu wanamtambua mchuuzi haraka. Ukitaka kuwasaidia walioshikwa na haya, waandikie ubaoni mianzo michache ya sentensi, kama vile “Nilipofika mahali ambapo…”, “Kama uliwahi kugombana na ndugu yako, basi…”, “Usikichukue ikiwa…”. Ifuteni baada ya wiki tatu, kabla haijageuka kuwa fomula mpya ya mtihani.

Kusoma kipande kwa sauti kunasaidia, ilimradi kipande chenyewe kimechaguliwa vizuri. Wanafunzi wengi huchagua ukurasa wa kwanza kwa sababu ndio ulio karibu. Wafundishe kutafuta mahali ambapo jambo limeanza kutokea na halijatulia, waanze sentensi nne au tano kabla yake, kisha wafunge kitabu kabla jambo lenyewe halijafumbuka. Mtambaji mzuri alikuwa akinyamaza hadithi inapokolea, akavuta pumzi au akachochea moto, mpaka watoto wamwombe. Kupata mahali pa kunyamaza kunahitaji mazoezi: mwanafunzi asome kipande hicho nyumbani mara tatu kwa sauti, amsomee mdogo wake, na aangalie ni wapi mdogo wake anauliza, “Halafu?” Hapo ndipo pa kufungia kitabu.

Kuhusu lugha ya kusemea, niwe mkweli kwamba nilikosea kwa muda mrefu. Nilikuwa nikimsahihisha kila aliyetia neno la mtaani, na matokeo yake ni kwamba walizungumza kwa usafi bila uhai. Sasa nawaacha waseme kama wanavyosema wao kwa wao, isipokuwa matusi, na usahihi wa lugha naushughulikia katika maandishi, ambako kuna muda wa kufikiri.

Kadi na kauntabuku

Kilichosemwa kwa mdomo husahaulika kabla ya Ijumaa. Kata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kiganja, na kila aliyependekeza aandike kadi itakayobandikwa kwenye rafu, chini ya kitabu chake. Kadi ibebe jina la kitabu na la mwandishi, namba ya kitabu kabatini, sentensi moja au mbili zinazosema kinamfaa nani, namba ya ukurasa wa kuonja, na jina la kwanza la aliyependekeza pamoja na mkondo wake. Ukurasa wa kuonja una faida kubwa kwa anayesita, maana anaweza kusimama pale pale rafuni, akaufungua na kusoma, na wakati huohuo akahesabu kwa vidole maneno asiyoyajua. Vidole vitano vikijaa kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho pengine kitamwelemea kwa sasa, hasa kikiwa cha Kiingereza.

Nashauri kadi zisiwe na alama, nyota wala asilimia. Wanafunzi wetu wanapangwa kwa alama tangu shule ya msingi, na mara unapoweka 8 kati ya 10 kwenye kadi, mazungumzo hukoma. Kitabu cha 6 hakiguswi tena na mtu yeyote, hata kama kingemfaa sana mtoto mmoja aliyekaa dirishani. Vilevile usiandike kwa kalamu nyekundu juu ya kadi ya mtoto. Kama kuna kosa la tahajia, mpe mwenzake aisome kwanza, wasahihishane wawili hao, kisha iandikwe upya kabla ya kubandikwa.

Chombo cha muhimu zaidi ni kauntabuku moja kubwa, inayotunzwa na mkutubi mwanafunzi. Shule nyingi huwa na daftari la kuazimia vitabu lenye jina, kitabu, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Ongezeni safu mbili: nani alinipendekezea, na nilimjibu nini. Safu ya mwisho ndiyo roho ya kazi yote. Anayerudisha kitabu hakiweki mezani akaondoka, bali anamtafuta aliyempendekezea, anamwambia alivyokiona, kisha anaandika sentensi moja. “Nilikipenda kuliko nilivyotarajia, ila yule mjomba umemwonea.” “Kilinishinda ukurasa wa 30, majina mengi.” “Nimekipeleka kwa dada, hajakirudisha.” Mpendekezaji anayesikia majibu ya aina hii mara nne au tano hubadilika mwenyewe, bila mahubiri ya mwalimu. Anaanza kumpima mtu kabla ya kumpa kitabu, na anajifunza kuomba radhi kwa pendekezo lisilofaa na kutoa jingine.

Kushindwa kumaliza kitabu kusihesabiwe kosa. Mwanafunzi aliyeandika kwamba kimemshinda ukurasa wa 30 ametoa taarifa yenye manufaa kwa yule atakayefuata. Shuleni kwetu tunayo rafu moja fupi ya vitabu vilivyoshinda watu, vikiwa na kadi zinazoeleza sababu, na baadhi ya wanafunzi huviendea hivyo kwanza kwa kutaka kuthibitisha kwamba wao havitawashinda.

Kitabu kimoja, watu ishirini

Pendekezo likifaulu, huzaa tatizo: kitabu ni kimoja na wanaokitaka ni ishirini. Msilichukulie jambo hili kwa wepesi, kwa kuwa hamu ya kusoma isiposhibishwa ndani ya wiki mbili hufifia, na wenye nguvu huanza kuwapora wanyonge. Wekeni foleni iliyoandikwa ukutani, siku tano kwa kitabu chembamba na kumi kwa kinene, na asiyemaliza aruhusiwe kuomba siku mbili kwa anayemfuata, si kwa mwalimu. Utaratibu huo huwafanya wazungumze juu ya kitabu, na hilo ndilo tunalolitaka.

Njia nyingine ni kukisoma pamoja. Wanafunzi wanne au watano wanaokitaka kitabu kimoja wakutane wakati wa mapumziko marefu, au wakati wa prepo kwa shule za bweni, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza kwa zamu. Usomaji wa aina hii huwasaidia zaidi wale wasiosoma kwa kasi, kwa sababu wanaifuata hadithi kwa masikio huku macho yao yakizoea maneno. Yasitolewe maswali ya ufahamu mwishoni. Kama foleni ni ndefu mno, mpendekezaji apewe kazi ya kutafuta kitabu cha pili kinachofanana na cha kwanza, cha kumshikilia anayengoja, na kazi hiyo inahitaji akili kuliko pendekezo la awali.

Wasiosema na wasiosoma kwa kasi

Katika darasa la wanafunzi sitini, kumi ndio watakaojitokeza kila mara, na mwalimu asipoangalia, klabu itakuwa yao. Wapo wanaopenda kusoma lakini hawawezi kusimama mbele ya watu. Hao waandike kadi, wachore kipande cha hadithi, au wampendekezee mtu mmoja tu pembeni, na jambo hilo liandikwe katika kauntabuku kwa uzito uleule. Sioni haja ya kumlazimisha kila mtoto kuhutubia, kwa sababu pendekezo la mtu mmoja kwa mtu mmoja ndilo asili ya jambo lenyewe, na hotuba ya dakika mbili ni nyongeza yake.

Wasiosoma kwa kasi wanahitaji uangalifu zaidi. Kosa la kawaida ni kuwatengea rafu ya vitabu vyepesi, na siku inayofuata kila mtu anajua maana ya kusimama mbele ya rafu hiyo. Badala yake, wapeni kazi yenye heshima. Tulipofanya mpango na shule ya msingi ya jirani, wanafunzi waliokuwa wakisoma kwa shida walichaguliwa kuwapelekea watoto wa darasa la tatu hadithi fupi zenye picha. Ili kumpendekezea mtoto wa miaka minane kitabu, ilibidi wakisome mara nyingi, wachague kinachofaa, wajizoeze sauti za wahusika, na wajue mahali pa kunyamaza. Walirudi wakiwa wajuzi wa vitabu ambavyo hakuna mwingine darasani aliyevijua, na wenzao wenye wadogo nyumbani wakaanza kuwaendea kuomba ushauri.

Mipaka ya mwalimu

Mwalimu anayependa vitabu atashawishika kupendekeza yeye kwa wingi. Ajizuie. Pendekezo la mwalimu husikika kama agizo, na kitabu kilichotajwa naye huanza kunuka kazi ya nyumbani. Mimi hujiruhusu pendekezo moja kwa mwezi, kwa masharti yaleyale ya dakika mbili na kadi ndogo, na jibu la aliyekiazima huandikwa katika kauntabuku hata likiwa la kunisuta.

Hata hivyo, mwalimu asijitoe kabisa. Wanafunzi huleta vitabu kutoka nyumbani, na baadhi yake viliandikwa kwa ajili ya watu wazima. Kitabu cha namna hiyo kikipendekezwa, usikinyang'anye mbele za watu wala usimwaibishe aliyekileta, kwa sababu siku hiyohiyo kitakuwa kitabu kinachotafutwa kuliko vyote. Kiazime wewe, kisome usiku huo, kisha kaa na mwanafunzi faraghani, umuulize alichokipata humo na kwa nini alidhani kinamfaa mwenzake. Mara nyingi utakuta alichokipenda ni kisa kimoja cha rafiki kumsaliti rafiki, na kwamba kipo kitabu kingine chenye jambo hilohilo kinachofaa umri wao. Wazazi wenye wasiwasi juu ya dini au maadili waalikwe waone rafu na wasome kadi. Wengi hutulia wanapoona watoto wenyewe wameandika kwa uangalifu kitabu fulani kinamfaa nani.

Zuia pia mgawanyo wa vitabu vya wasichana na vya wavulana, ambao hujitokeza bila mtu kuutangaza. Katika yale mahojiano ya wawiliwawili, changanya mvulana na msichana mara kwa mara, na uangalie safu ya majibu. Kitabu kinachosomwa na upande mmoja tu kipewe mpendekezaji wa upande wa pili aliyekisoma na kukipenda.

Shule inapokaribia kufungwa, tenga kipindi kizima kwa ajili ya vitabu vya likizo. Kila mwanafunzi aondoke na kitabu kimoja alichopendekezewa na mwenzake, mzazi atie sahihi, na majina yote mawili yaandikwe katika ukurasa mmoja wa kauntabuku. Shule itakapofunguliwa, klabu ianze kwa ukurasa huo: kila jina lisomwe pamoja na jina la aliyempendekezea, na wawili hao wakae pamoja kwa dakika kumi kabla ya jambo jingine lolote.